Maji Yamechemka, Lakini Nitrati Imo

Mama wa kisiwani huchota maji kisimani, huyachemsha, huyaacha yapoe, kisha humkorogea mtoto wake mchanga maziwa ya kopo. Amefuata yote tunayofundisha kliniki, na kwa vijidudu vya kuhara na kipindupindu amefanya vema kabisa. Lakini kipo kitu kimoja ambacho moto haukiui, kwa sababu si kiumbe chenye uhai. Ni chumvi iitwayo nitrati. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, nitrati hubaki ile ile katika maji machache, kwa hiyo huzidi ukali. Klorini haiiondoi. Shabu haiitulizi chini, wala kitambaa hakiichuji. Haina rangi wala harufu.

Hutoka wapi? Kwanza tusiisingizie gesi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004, karibu yote ni methani, na methani si nitrati. Nitrati ya kisimani aghalabu hutoka kwetu wenyewe: choo cha shimo, zizi la mbuzi, jalala. Mkojo na kinyesi vikioza ardhini hugeuka kuwa nitrati, nayo huyeyuka na kufuata maji. Katika visiwa vyetu vya mawe ya matumbawe, maji baridi hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya bahari, na mwamba wenyewe una nyufa na matundu. Kinachomwagika chooni hakisafiri polepole kama kwenye udongo wa mfinyanzi wa bara.

Mtu mzima mwenye afya huitoa nitrati nyingi kwa mkojo. Tunaowahofia ni watoto wa chini ya miezi sita. Tumboni mwao asidi ni kidogo, hivyo bakteria huigeuza nitrati kuwa nitriti. Nitriti huingia katika damu na kuiharibu hemoglobini, ile inayobeba hewa ya oksijeni, isiweze tena kuitoa mwilini inapohitajika. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya bluu baada ya kunyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima vya shambani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji ya kunywa.

Msomaji atauliza: je, hakuna dawa ya kuivunja? Ipo, ila ni ya viwandani. Miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kujenga Kilwa Masoko kiwanda cha amonia na urea kwa gesi hii yetu, chini ya kampuni ya KILAMCO. Hakikujengwa. Lakini viwanda vya mbolea, vya asidi ya nitriki na vya baruti duniani kote hubaki na maji machafu yenye nitrati, na wenye viwanda hawaruhusiwi kuyamwaga hivi hivi.

Njia mojawapo ni unga wa chuma au wa alumini. Madini haya huinyang'anya nitrati oksijeni yake, na kinachobaki huwa zaidi amonia, ambayo nayo lazima itolewe kwa kupuliziwa hewa. Huko Oak Ridge, Marekani, wataalamu walijaribu unga wa alumini miaka ya 1990 kwa taka za nyuklia, kwa kuwa kazi ile hutumia asidi ya nitriki kwa wingi. Kazi hiyo hutoa joto kali na hewa ya haidrojeni inayolipuka upesi, basi si mchezo wa ndoo na jiko. Njia nyingine huenda kwa hatua mbili: nitrati hugeuzwa kwanza kuwa nitriti, kisha urea au asidi ya salfamiki huivunja nitriti ikawa nitrojeni, hewa ile ile tunayoivuta kila siku. Na wengi huona nafuu kuwaachia bakteria kazi hiyo ndani ya matangi yasiyo na hewa, wakilishwa molasi au spiriti.

Ukitia misumari au unga wa alumini katika mtungi wa nyumbani utapata maji yenye amonia, au nitriti, ambayo kwa mtoto ni mbaya kuliko nitrati uliyoanza nayo. Tunawasihi wazazi wasijaribu.

Kinachowezekana kwetu ni hiki. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Maziwa hayo hayabebi nitrati nyingi hata kama mama anakunywa maji ya kisima hicho. Bibi asimwonjeshe maji, hata kidogo. Mtoto asiyeweza kunyonya atafutiwe maji ya mvua yaliyokingwa vizuri wakati wa masika, yakachemshwa. Choo kichimbwe mbali na kisima. Mita 30 husemwa mara nyingi, lakini juu ya matumbawe tungeomba zaidi. Maji yapelekwe kupimwa kupitia ofisi ya RUWASA ya wilaya, maana kwa kuonja hutajua.

Kwa mtoto mweusi usitazame ngozi. Tazama midomo, fizi, ulimi na kucha. Zikiwa za bluu au kijivu, naye amelegea, hata kama hana homa wala hakohoi, mpelekeni hospitali mara moja, na mwelezeni mganga ni maji gani aliyokunywa. Damu yake huonekana ya kahawia kama chokoleti. Ipo dawa ya sindano iitwayo methilini bluu, lakini watu wengi wa pwani wana upungufu wa G6PD, na kwao dawa hiyo inaweza kuvunja chembe za damu. Kwa hiyo kama katika ukoo yupo aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa ya malaria, semeni hapo hapo kabla sindano haijachomwa.