Waja leo, waondoka leo! Kijana wa Babati ndani ya Tanga

Vijana wa Babati tuna ugonjwa mmoja. Ukimaliza shule, ukiona jembe linaanza kukuangalia vibaya, unataja miji miwili tu: Arusha au Dar. Arusha kwa sababu ni kilometa kama 170 tu, tena ni kama kwetu. Mpaka mwaka 2002, kabla mkoa wa Manyara haujazaliwa, sote tulikuwa watu wa mkoa wa Arusha. Dar kwa sababu ni Dar, na kila mtu ana binamu yake huko anayejidai mambo yake safi.

Sasa jaribu kuitaja Tanga kijiweni! Watakucheka mpaka viti vianguke. "Tanga? Utalishwa limbwata, mshikaji! Utarudi huku unaosha vyombo na kuimba taarabu!"

Mimi huu ni mwaka wa tatu niko Tanga. Limbwata sijalishwa, na kama nimelishwa basi lilikuwa na nazi nyingi maana sikulihisi. Lakini yapo mambo ambayo hakuna aliyeniambia kabla sijafunga begi, na ndiyo nataka kukupasha wewe unayepiga hesabu ya kuhama. Tuanze.

KONA YA SEGERA

Kutoka Babati hadi Tanga ni safari ya kilometa 600 hivi. Unatoka alfajiri na sweta lako, unapita Minjingu, Makuyuni, Arusha, Moshi. Ukifika Same sweta limeshakuwa mto wa kulalia. Unashuka na milima ya Upare na Usambara mkono wa kushoto mpaka Korogwe, halafu Segera.

Segera ndiyo kwenye mtihani. Magari ya Dar yanashika mkono wa kulia, ya Tanga yanakata kushoto. Utaona umati wote unaelekea kulia, na wewe na wenzako wachache mnakata kushoto kama watoro wa shule. Moyo unauliza: "We bwana, una uhakika?"

Lakini tazama hesabu. Tanga ni jiji tangu mwaka 2005, na sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu karibu laki nne. Babati mjini tulikuwa kama laki moja na elfu thelathini. Kwa hiyo ni mji unaoizidi Babati mara tatu hivi, siyo mara arobaini. Unaumudu kwa miguu, kwa baiskeli, kwa akili. Nilipoishi Dar kwa miezi minne kwa binamu, nilikuwa namaliza saa tatu kwa siku ndani ya daladala. Hapa Tanga saa tatu hizo ninazo mfukoni. Hakuna anayekuambia kwamba muda nao ni mshahara.

JOTO HALINA ADABU

Babati tunakaa juu, chini ya mlima Kwaraa. Mwezi wa saba asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni. Tanga, hasa Desemba mpaka Machi upepo wa kaskazi ukivuma, unaoga, unajifuta, na kabla hujavaa shati umeshalowa tena. Siyo jua tu, hewa yenyewe ina maji.

Wiki ya kwanza nililala sakafuni. Wiki ya pili nikajua kwa nini wenyeji wanakaa barazani mpaka usiku wa manane: ndani hakulaliki! Mpaka kusi inapoanza kuvuma ndipo unapata usingizi wa maana. Na chumvi ya bahari nayo haina urafiki. Baiskeli yangu niliyoitoa Babati ikiwa inang'aa, mwaka haukuisha ilikuwa na kutu kama imefukuliwa.

Cha ajabu, mwili unazoea. Sasa hivi nikienda nyumbani ndiyo natetemeka, na mama ananicheka: "Mwanangu, umekuwa Mswahili!"

CHUMBA NA BARAZA

Ngamiani ndiyo roho ya mji. Mitaa yake imenyooka kama daftari la mahesabu na imepewa namba: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Hata mgeni hapotei. Nyumba nyingi ni zile za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele.

Chumba changu kimoja kodi yake ni kama nusu ya kile alichokuwa analipa binamu yangu Dar. Lakini jiandae, nilitakiwa kulipa ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye akachukua ya mwezi mmoja kwa kunionyesha mlango tu. Hapo hujanunua godoro wala feni. Ukija na nauli peke yake utalala stendi ya Kange ukihesabu mbu.

Wenye hela zao wanakaa Raskazone, kwenye bahari, majumba makubwa ya zamani na miti mirefu. Sisi wengine tunaenda Raskazone jioni kupunga upepo, bure.

SALAMU NI KITAMBULISHO

Kwetu unasalimu huku unatembea. "Za asubuhi?" "Nzuri," na kila mtu kwenye ng'ombe wake. Tanga salamu ina kituo. Siku ya tatu mama mwenye nyumba aliniita pale barazani alipokuwa na wenzake.

"Weye mwanangu, wapita watu barazani kama wapita mawe? Kwenu hawaamkiani?"

"Tunaamkiana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa basi. Watoka wapi, na wenenda wapi mbio hivyo?"

Nilikaa nusu saa. Nikaulizwa kabila, baba yangu ni nani, nimeoa au bado, na kwa nini nimekonda. Nikaondoka nimekasirika kwa kuchelewa. Lakini mwezi huo huo nilishikwa na homa, na waliogonga mlango wangu kwa uji na maji ya kuoga ni wale wale wa barazani. Kijana mmoja wa jirani, aliyekuwa akipita kimya kimya na masikio yake yamezibwa na muziki, aliugua siku tatu pasipo mtu kujua. Wenyeji si wabaya. Hawamjui tu!

Halafu lugha. Huu ni mji wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, kwa hiyo Kiswahili hapa hakikosewi bure. Mimi Mgorowa, maneno yangu yanatoka kooni yakiwa na mikwaruzo. Kila nikifungua mdomo dukani watu wanageuka. Wengine wakaniita Mmang'ati, wengine Mmasai, mmoja Mchaga. Nilinuna mwanzoni.

Kilichonitoa kinyongo ni mzee mmoja muuza kahawa. Aliniambia babu yake alikuja Tanga kama manamba, yaani wale vibarua wa mashamba ya mkonge waliokuwa wakiandikishwa kwa namba. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mwaka huo huo ndipo ilipoanza kujengwa reli ya kutoka Tanga kwenda bara. Makabila yaliyokuja kukata mkonge yalikuwa mengi kuliko samaki. "Sasa weye wanuna waitwa mgeni," akasema, "mgeni nani hapa?"

KAZI IKO WAPI?

Hapa sasa ndipo penye kisu, kijana mwenzangu. Sikudanganyi.

Tanga iliwahi kuwa mji wa viwanda hasa. Miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa mkonge zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na mwingi ulipitia bandari hii. Nyuzi za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba yakageuka pori. Viwanda kama cha mbolea na cha chuma navyo vikayumba. Wazee wengi unaowaona barazani si wavivu kama watu wa Dar wanavyopenda kuwasema. Ni watu ambao kingóra cha kiwanda kilinyamaza wakiwa bado na nguvu.

Sasa hivi mji unaamka. Bandari imechimbwa. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari, siku hizi zinakuja mpaka gatini. Saruji ipo, chokaa ipo, maziwa yapo. Na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, kilometa 1,443, linaishia Chongoleani hapa hapa Tanga, baada ya kupita hata mkoa wetu wa Manyara. Jiwe lake la msingi liliwekwa Agosti 2017, na tangu hapo kila kijana anayeshuka Kange anakwambia amefuata bomba.

Lakini kazi za ujenzi ni za mkataba. Ukiwa fundi wa kuchomelea, dereva wa mitambo, fundi umeme mwenye cheti, utakula. Ukija na mikono mitupu na "nitafanya chochote", kumbuka hicho chochote kina wenyewe, na wenyewe wanajuana tangu utotoni. Mimi nilipata kazi ya kuuza duka la vifaa vya ujenzi. Mshahara ulinitosha kula na kulipa chumba. Kutuma nyumbani? Ilikuwa kwa kubahatisha.

MBAAZI, MBAAZI!

Kilichoniokoa nilikikuta kwenye sahani. Asubuhi Tanga watu wanakula mahamri na mbaazi za nazi. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kwetu Gallapo mbaazi tunalima mashamba kwa mashamba, ndani ya mahindi, lakini tunalima za kuuza India. Sisi wenyewe tunakula maharage! Agosti 2017 serikali ya India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi, bei ilianguka kiasi kwamba baba yangu aliona hata nauli ya kuzipeleka mnadani ni hasara. Gunia zilikaa ndani mpaka zikaliwa na wadudu.

Na huku Tanga, mama wa watu ananiuzia kibakuli kila asubuhi, kesho anatafuta mbaazi nyingine!

Nilianza na gunia mbili, zilizopakiwa chini ya basi. Nikazipeleka kwa mama mahamri watatu wa mtaani kwetu, kwa mkopo, kwa sababu walinijua: nilikuwa nakaa nao barazani. Umeona salamu inavyolipa? Wao wakaniunganisha na mwenye kibanda soko la Mgandini. Leo nikileta gunia kumi hazimalizi mwezi. Kurudi nyumbani nabeba dagaa na nazi. Siyo utajiri, lakini mshahara wa duka nimeshaupita, na nimeacha kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

RAHA INAYOKULA WATU

Tanga ina msemo wake maarufu: "Waja leo, waondoka leo?" Maana yake, ulikuja ukisema utaondoka leo leo, mbona bado upo? Wenyeji wanautamka kwa kujidai, kwamba mji mtamu haumwachii mgeni.

Nimeufikiria sana. Ni kweli mji ni mtamu. Samaki wabichi pale Deep Sea, kahawa na kashata jioni, Jumamosi Mkwakwani kuwaona Coastal Union, mabingwa wa nchi wa mwaka 1988 ambao mpaka leo wazee wanausimulia ubingwa huo kama wa jana. Na njaa ya Tanga haikuui haraka. Utapata wali kwa jirani, utapata samaki wa kibanzi kwa rafiki. Dar ukikosa hela wiki moja mji unakufukuza. Tanga haikufukuzi, na hiyo ndiyo hatari yake! Nawajua vijana wawili tulioshuka Kange mwaka mmoja. Wako pale pale, kijiwe kile kile, wanacheza bao, wanasema wiki ijayo. Hawana shida, wala hawana kitu.

Mimi swali hilo lilinijia kwa simu. Baba ana ekari tano. Mwaka jana alisema anataka kugawa akiwa hai: "Mwanangu, kama unarudi sema. Kama hurudi, sehemu yako nampa mdogo wako, yeye ndiye anayeshika jembe." Usiku ule sikulala, na safari hii halikuwa joto. Shamba ni shamba. Ukishalitoa hulirudishi, na mji mgeni hauna kaburi la babu yako.

Nilimjibu hivi: mdogo wangu alime yote, mimi nitanunua mbaazi zake zote kwa bei ya kueleweka, iwe India imefungua au imefunga. Ekari yangu moja ibaki na jina langu, alime yeye. Baba alikaa kimya kidogo, akasema, "Haya. Tutaona mavuno mawili." Mavuno ya kwanza yamepita salama. La pili linakuja Agosti.

USHAURI WA BURE

Kwa hiyo wewe unayetaka kuhama, usiulize kwanza mji gani una raha. Uliza una nini ambacho mji huo hauna. Njoo na ufundi, au na bidhaa, au na cheti. Njoo na kodi ya miezi sita na chakula cha miwili. Salimia watu, tena kaa chini ukisalimia. Jiwekee tarehe, uiandike ukutani: mpaka siku fulani nisiposimama, narudi. Na shamba la baba usilikane kwa sababu ya upepo wa Raskazone.

Ukiyashika hayo, ukifika Segera kata kushoto. Na kama una nafasi chini ya basi, pakia gunia moja la mbaazi. Mnunuzi unamjua.