Uchafu wa Mtutu Ndio Unaochagua Kiyeyushi

Risasi ikishatoka, mtutu wa bunduki hubaki na mabaki ya aina nne. Kuna masizi ya baruti iliyoungua. Kuna utando wa shaba iliyokwanguka kwenye koti la kichwa cha risasi kilipokuwa kikisukumwa kwa nguvu kwenye mifereji ya msokoto. Kuna madini ya risasi, hasa kwa wanaotumia vichwa visivyovishwa koti. Na katika baadhi ya risasi kuna chumvi inayoachwa na fataki, ile sehemu ndogo kwenye kitako cha ganda ambayo hugongwa na kuiwasha baruti. Vitu hivi vinne havina undugu wa kikemia, wala havitoki kwa dawa moja. Hata hivyo mmiliki halali wa bunduki, awe mwindaji mwenye leseni, askari wa wanyamapori au mlengaji wa klabu, mara nyingi hufika dukani na swali moja tu: dawa gani ni nzuri? Hoja yangu ni kwamba dawa haichaguliki kabla ya uchafu kujulikana, na kwamba bidii ya kusugua haifidii kosa la kumimina kimiminika kisichoweza kuyeyusha kilichomo ndani.

Msingi wa hoja hii ni kanuni rahisi ya kemia. Vitu vyenye asili ya mafuta na lami hulegea katika viyeyushi vya jamii ya petroli. Chumvi huyeyuka katika maji. Metali haiyeyuki katika viyeyushi vya petroli wala katika maji, mpaka kwanza igeuzwe kuwa kitu kingine. Masizi mapya ya baruti yako kundi la kwanza: mafuta ya taa, tina ya rangi na dawa nyingi za dukani zenye asili hiyo huyalegeza vizuri, na kitambaa kikayatoa. Lakini mbele kidogo ya chemba, ambako joto na shinikizo ni vikali kuliko popote kwenye mtutu, masizi huokwa tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa magumu kama kigae. Hapo kiyeyushi hupenya na kulainisha tu. Kuyang'oa ni kazi ya brashi, baada ya dawa kuachwa ilowe kwa muda. Anayepitisha brashi mara hiyo hiyo anapomimina dawa amejinyima nusu ya msaada wake. Madini ya risasi nayo huondolewa kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu viyeyushi vya petroli haviyayeyushi hata kidogo: dawa hupenya chini ya vipande vilivyonata, brashi ikavibandua.

Shaba ni suala jingine kabisa. Koti la kichwa cha risasi ya kisasa kwa kawaida ni shaba iliyochanganywa na zinki asilimia 5 hadi 10, na hakuna mafuta ya taa, dizeli wala petroli inayoweza kuiyeyusha, hata ukiloweka mtutu wiki nzima. Dawa yake ya siku nyingi ni amonia. Ikisaidiwa na oksijeni ya hewa, amonia huigeuza shaba kuwa kampaundi inayoyeyuka katika maji, yenye rangi ya buluu iliyoiva. Rangi hiyo ndiyo ushahidi mkubwa alionao msafishaji: kitambaa kikitoka na buluu, shaba bado imo, kikitoka bila rangi baada ya dawa kukaa muda ulioandikwa kwenye chupa, imekwisha. Na kwa kuwa oksijeni ni mshiriki wa lazima, utando mwembamba wa dawa unaopata hewa hufaa kuliko mtutu uliojazwa dawa na kuzibwa. Ila ushahidi huu una mtego. Brashi ya bronzi na ncha ya shaba ya manjano ya mdeki, ule ufito wa kusukumia brashi mtutuni, nazo zina shaba, kwa hiyo amonia huzila na kutoa buluu ile ile, na msafishaji huendelea kusafisha mtutu ambao tayari ni safi. Kwa dawa ya shaba tumia brashi ya nailoni na ncha isiyo na shaba.

Ukali wa amonia kwa aloi za shaba ulijulikana kwa gharama. Katika karne ya 19 jeshi la Waingereza nchini India lilikuta maganda ya risasi ya shaba ya manjano yakipasuka yenyewe kwenye mazizi ya farasi yalikohifadhiwa wakati wa mvua za monsuni. Wataalamu wa metali walikuja kueleza sababu mwaka 1921: amonia iliyotoka kwenye mkojo wa farasi ilikutana na mkazo uliobaki ndani ya ganda tangu lilipofinyangwa kiwandani, na ganda likapasuka. Funzo lake ni la moja kwa moja: chupa ya amonia isihifadhiwe pamoja na risasi, na mtutu uliosafishwa kwa amonia ufutwe mpaka ukauke kabla ya risasi kuingia chemba. Kwa chuma cha mtutu amonia si kali namna hiyo, lakini dawa hizo zina maji, na zikiachwa zikaukie ndani usiku kucha huweza kukiathiri. Dakika zilizoandikwa kwenye chupa ziheshimiwe.

Chumvi ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote, nayo ndiyo huharibu upesi. Fataki za zamani zilitengenezwa kwa kloreti ya potasiamu, ambayo ikilipuka hutoa oksijeni na kuacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hii hufyonza unyevu; hewa ikiwa na unyevu wa takriban asilimia 84, hunywa maji mpaka yenyewe ikayeyuka na kuwa tone la maji ya chumvi juu ya chuma. Mkazi wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam anajua kwamba asubuhi za masika unyevu wa namna hiyo ni wa kawaida. Kwa miaka mingi watu waliilaumu baruti isiyo na moshi, wakidhani inaacha tindikali. Mwaka 1922 Ofisi ya Migodi ya Marekani ilichapisha utafiti wa mkemia Wilbert J. Huff kuhusu kutu inayoota chini ya utando wa mafuta, nao ulionyesha kwamba mkosaji ni chumvi ya fataki. Dawa za petroli haziyeyushi chumvi, na mafuta yanayopakwa juu yake huifunika tu huku ikiendelea kula chuma. Kinachoiondoa ni maji. Askari wa Uingereza waliobeba bunduki za Lee-Enfield walimwaga maji ya moto mtutuni kwa faneli, kisha wakakausha na kupaka mafuta. Baruti nyeusi nayo iko kundi hilo: zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa vitu vigumu, na sehemu kubwa ya mabaki hayo ni chumvi. Vita vya Tanga vilipopiganwa Novemba 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mfano wa 1871 zilizotumia baruti hiyo, huku wapinzani wao wa upande wa Uingereza wakiwa na Lee-Enfield zenye fataki za kloreti. Majeshi hayo yalitumia silaha za vizazi viwili tofauti, lakini kikemia dawa ya mitutu yao ilikuwa moja, maji.

Msomaji atapinga kwamba maji huleta kutu, na kwamba fataki za kloreti ni mambo ya kale. Pingamizi la kwanza lina ukweli nusu. Maji yanayoachwa mtutuni huleta kutu, lakini maji yanayochemka hupasha chuma joto, na chuma chenye joto hukausha unyevu mwingi chenyewe. Kitambaa kikavu na mafuta humaliza kazi. Sharti ni kwamba maji yapelekwe chemba kwa faneli au mpira, yasimwagikie mbao wala sehemu za kifyatulio. Pingamizi la pili ni sahihi kwa risasi nyingi za leo, kwa kuwa tangu miaka ya 1920 viwanda vilianza kuhamia fataki zisizoacha chumvi hiyo. Lakini risasi za akiba za kijeshi, hasa zilizotengenezwa katika nchi za kambi ya Kisovyeti, ziliendelea kutumia kloreti kwa miongo mingi baadaye. Kwa risasi isiyojulikana asili yake, busara ni kuichukulia kuwa inaacha chumvi. Gharama ya kukosea upande huo ni birika moja la maji.

Pingamizi la tatu ni la chupa moja inayodai kufanya yote. Dai hilo halikutoka hewani. Hoppe's No. 9, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1903, ilijengwa kwa mchanganyiko wa viyeyushi vya petroli, alkoholi na amonia kidogo, yaani viungo vya masizi na vya shaba ndani ya chupa moja. Mchanganyiko wa namna hiyo humtosha anayepiga risasi chache na kusafisha kila mara. Lakini chupa inayobeba kazi nyingi hubeba kila kazi kwa kiasi. Shaba iliyolala chini ya masizi haiguswi mpaka masizi yatoke, na masizi yaliyo chini ya shaba hubaki pale mpaka shaba iyeyuke. Kwa mtutu uliotumika sana, kupokezana dawa mbili, ya masizi kisha ya shaba kisha ya masizi tena, huokoa muda na dawa.

Pingamizi la nne ndilo zito zaidi: kwamba kusafisha huharibu mitutu mingi kuliko kupiga, hivyo heri kuacha kusafisha. Ni kweli mdeki unaopinda na kusugua mdomo wa mtutu huuchakaza, na mdomo uliochakaa hupoteza shabaha. Lakini hilo ni kosa la mdeki. Hurekebishwa kwa kuingiza mdeki ulionyooka kutoka upande wa chemba kila bunduki inaporuhusu, ukiongozwa na bomba la kuuelekeza. Tena pingamizi hili linaunga mkono hoja yangu: dawa inayolingana na uchafu hupunguza idadi ya misuguano. Na historia haiwatetei wanaoacha kabisa. Bunduki ya M16 ya jeshi la Marekani ilipoingia vitani Vietnam, askari wengi hawakupewa vifaa wala mafunzo ya kutosha ya kuisafisha, baruti yake ilikuwa imebadilishwa, na chemba yake haikuwa na kromu. Bunduki hizo zilikwama vitani, na mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge la Marekani ikachunguza suala hilo.

Kuhusu dawa za kubuni nyumbani, nasema wazi. Petroli huwaka kwa mvuke wake hata kwenye baridi kali, haifai ndani ya nyumba. Dawa ya madoa yenye klorini hula chuma, na ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu. Siki na haidrojeni peroksaidi huyeyusha madini ya risasi, lakini huacha asetati ya risasi, ambayo ni sumu. Fanya kazi penye hewa, vaa glavu na miwani, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Na usimimine kiyeyushi chochote kwenye chupa ya soda: mtoto hajui kilichobadilishwa ndani, anaiamini chupa.

Utaratibu, basi, unajipanga wenyewe. Hakikisha bunduki haina risasi chembani wala kwenye magazini, na risasi zote ziwe chumba kingine. Kama fataki ina shaka, anza na maji siku hiyo hiyo. Kisha masizi, kisha shaba, kisha futa mabaki ya amonia kwa spiriti na ukaushe. Malizia kwa mafuta membamba ya kuhifadhi, na uyatoe kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga tena, maana mafuta mtutuni huhamisha shabaha na yakizidi huongeza shinikizo. Anayefuata mpangilio huu hana haja ya dawa ya bei kubwa. Anahitaji kujua amepiga risasi ya aina gani, na kusoma kitambaa chake kabla ya kufungua chupa inayofuata.