Neno Moja au Mawili? Uliza Mkazo

Wiki mbili zilizopita mteja wangu wa mtandaoni alinikata pesa. Tulikubaliana maneno 1,000, shilingi mbili kila neno. Ukiwa Gachoka, chuo uliachia njiani na hakuna payslip, hiyo ndiyo doo ya unga na bando.

Kosa langu? Eti nimepasua maneno ili yawe mengi: "mwana funzi", "mwana habari", "mwana kijiji". Akaniambia nikirudia, kazi inaenda kwa msee mwingine.

Nikubali tu, hayo nilikosea, na mengine nilijua. Lakini alinikata pia kwa "mpiga kura", akidai ni neno moja. Hapo nikagoma.

Usiku nikakaa nikiyasoma kwa sauti huku cucu akichagua ndengu. Akaniuliza, "Wewe kijana, mbona unaimba?" Kumbe jibu lilikuwa kwa huo wimbo.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. "Mwana" akiwa peke yake ni MWA-na. Akiungana na "-funzi" ananyang'anywa mkazo: mwa-na-FU-nzi. Mdundo mmoja, neno moja. Sasa sema m-PI-ga KU-ra. Midundo ni miwili, kila upande umeshika wake. Wapo wanaoandika "mpigakura", sawa, lakini basi wasome m-pi-ga-KU-ra.

Jaribu na "mwanamke": mwa-na-M-ke. Hiyo "m" haina vokali nyuma yake, lakini ni silabi kamili na ndiyo imebeba mkazo wote!

Usidanganywe na wingi. "Mwanafunzi" huwa "wanafunzi", mbele tu ndiko kumebadilika. "Mwanamke" huwa "wanawake", pande zote mbili zimebadilika, na bado ni neno moja. Sikio linakusaidia zaidi.

Tena mkazo si urembo. Ba-ra-BA-ra ni ile ya kwenda Kiritiri. Ba-RA-ba-ra ni sawasawa, kama ukisema mambo yako barabara. Herufi ni zile zile.

Waholanzi, wanaonunua maua yetu kila siku, huunganisha maneno kutuliko. Hospitali kwao ni "ziekenhuis", yaani "zieken", wagonjwa, na "huis", nyumba. Wao hukaza mwanzo: ZIE. Kwao kitu chenyewe, nyumba, kinakuja mwisho. Kwetu kinatangulia: askari kanzu ni askari, mwanakijiji ni mwana. Lakini angalia vizuri: kwa "ziekenhuis" na kwa "mwanakijiji", mkazo umeangukia ile sehemu inayofafanua. Njia mbili, stage moja.

Nilimwandikia mteja haya yote, na voice note ya "mpiga kura" juu. Alikaa kimya siku mbili, kisha akatuma pesa za "mpiga kura". Za "mwana funzi" zilienda, na sikuzidai.

Siku hizi kabla nitume kazi, naisoma kwa sauti. Nikisikia mkazo mmoja, naunganisha. Nikisikia miwili, naacha nafasi na nahesabu maneno mawili. Cucu bado anafikiri naimba.