Mtoi wako anaandika 'b' kama 'd'? Usimchape, soma hii kwanza

Juzi hapa Malaba nilipata jirani akimfokea mtoi wake wa miaka mitano. Kosa? Kitabu kimejaa michoro ya ajabu. "Hii ni nini umeandika?" Mtoi akaangua kilio.

Skiza, msee. Hiyo michoro ndiyo kuandika kwenyewe, ila bado iko njiani.

Kwanza ni mkono. Mtoi wa PP1, miaka minne hivi, vidole havijapata nguvu. Ndio maana ticha humpa udongo afinyange na shanga atunge. Wewe unaona mchezo, kumbe anajifunza kushika penseli.

Pili, macho. Anaanza na mistari ovyo, miduara inafuata, halafu vitu vinakaa herufi lakini si herufi. Mwishowe herufi za jina lake zinatokea, hata kama moja imelala.

Tatu, sikio. Anaandika anachosikia: "gari" inakuwa "gri". Usimcheke! Ameshashika kwamba kila sauti ina alama yake. Hapa lugha ya nyumbani inabeba sana. Kama kwa keja mnaongea Kiteso, mpigie stori na Kiteso bila aibu. Sera ya elimu Kenya yenyewe inataka gredi za chini zifunzwe kwa lugha ya eneo.

Na hiyo b na d? Kikombe ukikigeuza bado ni kikombe. Mtoi hajaelewa kwa nini b ikigeuzwa inakuwa kitu kingine. Ni kawaida mpaka miaka saba hivi. Ikizidi hapo, ongea na ticha.

Lakini kiboko wacha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku kuchapa watoi shuleni. Mimi nilichapwa vidole kwa kuandika na kushoto, shule siitaji. Mpaka leo nikijaza fomu mbele ya mtu, mkono unatetemeka. Afadhali simu.

Sisi wa Malaba tuna darasa la bure: foleni ya malori. Kaa na mtoi mbali na barabara, mtafute namba za gari. Za Kenya zinaanza na K, za Uganda U. Akiona moja, aichore mchangani na kijiti.

Haikugharimu hata shilingi, na hakuna mtu atalia.