Mtoto akiugua usiku, pesa yako iko wapi?

Homa ya mtoto haichagui saa. Mzazi wa Butimba anayeamka saa nane usiku na kukuta mwanawe anachemka hana muda wa kupiga hesabu. Anatafuta kanga, anatafuta kadi ya kliniki, anatafuta bodaboda. Suala la pesa linakuja akiwa tayari mlangoni, na siku hizi familia nyingi zina jibu moja: iko kwenye simu.

Siku nyingi jibu hilo linatosha. Ada ya shule, umeme, maji na hata mchango wa msiba vinalipwa mtu akiwa amekaa kitandani. Tatizo linaanza usiku ambao simu imezima, umeme hakuna, wakala amefunga, au mwenye laini yenye pesa hayupo nyumbani. Pesa ipo, lakini haishikiki, na mgonjwa ni yuleyule.

Kwa hiyo kubishana kama simu ni bora kuliko keshi au kadi ya benki hakusaidii sana. Kinachomhusu mzazi ni kama pesa ya dharura ya familia ina mlango mmoja tu wa kuingilia.

Safari moja, malipo matatu

Fuatilia njia ya mtoto mgonjwa tangu nyumbani. Malipo ya kwanza ni ya usafiri. Dereva wa bodaboda au bajaji wa usiku mara nyingi anataka keshi, kwa sababu anahitaji mafuta sasa hivi na akipokea kwa simu atakatwa wakati wa kutoa. Ukimpa noti ya Sh10,000, huenda hana chenji.

Malipo ya pili ni hospitalini. Katika vituo vingi vya umma, kama Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana iliyopo Butimba, malipo ya Serikali hupitia kumbukumbu namba. Mgonjwa anapewa namba hiyo, analipa kwa simu au kwa wakala, na malipo yanaonekana kwenye mfumo. Hapo mwenye noti mkononi lakini hana salio ndiye anayehangaika kutafuta wakala. Mtoto akipewa rufaa kwenda Sekou Toure au Bugando, usafiri unalipwa upya.

Malipo ya tatu ni duka la dawa, pale dawa iliyoandikwa inapokosekana hospitalini. Duka moja lina lipa namba ukutani, lingine linataka keshi tu.

Mzazi mwenye keshi peke yake anaweza kukwama dirisha la pili. Mwenye simu peke yake anaweza kukwama la kwanza. Kadi ya benki inasaidia mchana penye mashine ya ATM, lakini bodaboda hana cha kuifanyia. Hundi, ambayo hupitia benki kabla ya kuwa pesa, haina nafasi kabisa katika safari hii.

Kile simu ilichobadilisha

Hata hivyo, asiyeikumbuka hali ya zamani anaweza kuidharau pesa ya simu. Kabla M-Pesa haijaingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, pesa ya matibabu ilisafiri kwenye bahasha kwa kondakta wa basi au kwa ndugu anayekuja mjini. Mgonjwa alisubiri bahasha. Leo mjomba aliyeko Geita na shangazi aliyeko Dar es Salaam wanachanga ndani ya dakika chache, na tangu kampuni za simu zilipoanza kuunganisha huduma zao mwaka 2014, aliye mtandao mmoja anamtumia wa mtandao mwingine moja kwa moja.

Watafiti wameliona hilo. Nchini Kenya, wachumi Tavneet Suri na William Jack walifuatilia kaya kwa miaka kadhaa na kubaini kuwa watumiaji wa M-Pesa walipopatwa na pigo, ikiwemo maradhi, waliweza kuendeleza matumizi yao kwa sababu ndugu waliwatumia pesa. Kwa Tanzania, mchumi Emma Riley alichapisha mwaka 2018 utafiti uliotumia takwimu za kaya: mvua zilipoharibika, waliokuwa na pesa ya simu walihimili zaidi kuliko majirani zao wasiokuwa nayo.

Katika afya ya mama, mifano iko karibu zaidi. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa M-Pesa ili wanawake wenye fistula waliokwama vijijini wafike kwenye matibabu. Kisha ukaja mpango wa m-mama, uliojaribiwa Kanda ya Ziwa, katika maeneo ya Sengerema na Shinyanga, kabla ya kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mjamzito au mama aliyejifungua akipata dharura, au mtoto mchanga akizidiwa, familia au kituo cha afya hupiga 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa hutumwa, na baada ya kumfikisha mgonjwa analipwa kwa simu. Dereva anaondoka bila kudai nauli mlangoni kwa sababu anajua atalipwa.

Kila mzazi mwenye mjamzito au kichanga nyumbani aiandike namba 115 ukutani, si kwenye simu tu.

Pale mlango unapofungwa

Simu inategemea vitu vingi visivyoonekana. Chaji ni cha kwanza. Wakati wa mgao wa umeme mwishoni mwa mwaka 2023, familia nyingi zilijifunza kwamba simu isiyo na chaji ni pochi iliyofungwa.

Cha pili ni mtandao. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Hapa kuna jambo la kujua: programu ya kwenye simu janja inahitaji intaneti, lakini menyu ya nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money, haihitaji bando. Inafanya kazi hata kwenye kitochi. Mzazi aliyezoea programu tu anapaswa kuijua na menyu. Mnara wenyewe ukizima, njia zote mbili zinakwama.

Cha tatu ni wakala. Saa nane usiku amelala, na hata mchana huenda hana keshi ya kutosha kukupa.

Cha nne ni gharama. Julai 2021 Serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, ya kati ya Sh10 na Sh10,000 kwa muamala, watu wengi walirudi kwenye keshi kabla tozo hiyo haijapunguzwa. Mpaka leo, anayetoa kidogo kidogo kila siku anapoteza kwenye makato pesa ambayo ingenunua dawa.

Baba yuko ziwani

Kando ya Ziwa Victoria kuna sababu nyingine inayozifanya familia ziwe makini. Uvuvi wa dagaa hufanyika kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kamili mitumbwi hupumzika. Pesa ya nyumba inayotegemea dagaa inakuja na giza na kupungua na mwezi. Mtoto haugui kwa kufuata kalenda hiyo.

Mara nyingi anayeshika pesa ndiye aliye mbali. Baba yuko kambi ya uvuvi kisiwani au katikati ya maji, simu haipatikani, na akiba yote iko kwenye laini yake. Mama aliyebaki Butimba na watoto ana simu, lakini salio lake ni la vocha. Hali hiyohiyo iko kwa dereva wa malori, mlinzi wa zamu ya usiku na mama anayefuata biashara mnadani.

Wengine hutatua kwa kupeana namba ya siri. Ni suluhisho baya. Mitandao yote inakataza, na namba ikishajulikana na mke, kaka na binti mkubwa, pesa ikipotea hakuna wa kuulizwa na kila mtu anashukiwa. Tena haisaidii kitu kama simu yenyewe iko ziwani na baba.

Njia salama ni kuacha namba ya siri ibaki ya mtu mmoja na kugawa pesa. Kila mzazi awe na laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na kila laini ibaki na kiasi cha dharura kisichoguswa kwa mboga wala kwa mchango wa harusi. Familia ikipata, hata kidogo, sehemu iende kwenye laini ya anayebaki na watoto kabla mwingine hajaondoka. Kama anayebaki nao ni bibi au dada wa kazi, naye aachiwe keshi na aelekezwe kituo cha afya cha karibu.

Akina mama wa vikoba wanaijua hekima hii. Sanduku la kikoba huwa na kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu, na pembeni ya akiba ya kukopeshana kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Kikoba kinatenganisha pesa ya maendeleo na pesa ya shida. Nyumba inaweza kufanya vivyo hivyo.

Kibubu nacho kina mipaka

Haya yote hayana maana kwamba mzazi arudishe pesa yote chini ya godoro. Keshi inaibwa, inaungua, inaliwa na panya, na inaisha bila kujulikana ilikokwenda. Inaweza hata kufa ikiwa imelala. Kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa muda wa kubadilisha noti za matoleo ya zamani, yakiwemo ya mwaka 1985 hadi 2003. Aliyekuwa amezificha bila kusikia tangazo, muda ulipokwisha alibaki na karatasi.

Keshi ya nyumbani iwe ndogo na iwe na kazi moja. Ipangwe kwa hesabu ya familia yenyewe: nauli ya usiku kwenda hospitali na kurudi, na dawa ya kuanzia. Iwe ya noti za Sh1,000, Sh2,000 na Sh5,000, ili dereva asikose chenji. Ikae pamoja na kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na karatasi yenye namba za ndugu wawili na za dereva mnayemwamini, kwa sababu simu ikizima, namba nazo zinapotea. Akiba kubwa ibaki benki au kwenye simu, mahali ambapo mwizi wa usiku haifikii.

Matapeli wanajua udhaifu wa mzazi

Hofu ya mzazi ni mtaji wa matapeli. Mbali na ule ujumbe maarufu wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”, wapo wanaopiga simu wakijifanya walimu: mwanao ameanguka shuleni, yuko hospitali, tuma pesa ya vipimo haraka. Mzazi anatuma akiwa anatetemeka.

Kanuni iwe moja kwa familia nzima. Kabla ya kutuma, kata simu na umpigie mwalimu au matroni kwa namba uliyonayo siku zote. Kama mtoto yuko hospitali ya umma, omba kumbukumbu namba ya malipo, kwa sababu pesa ya Serikali haitumwi kwenye namba ya mtu binafsi. Namba ya tapeli iripotiwe 15040. Na kwa kupiga *106# unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ili asije mtu akatapeli kwa jina lako.

Usisubiri pesa

Pamoja na maandalizi yote, ipo siku pesa itakosekana kwenye simu, kwenye kibubu na kwa jirani. Siku hiyo mtoto asibakizwe nyumbani. Anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea kupita kawaida au asiyezinduka, anatakiwa kituo cha afya mara moja. Malaria kali inaweza kumuua mtoto mdogo ndani ya muda mfupi.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe malipo watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito katika vituo vya umma, ingawa dawa isiyokuwepo huishia kununuliwa dukani. Kwa mwenye umri mkubwa asiye na uwezo, hospitali ina ofisa ustawi wa jamii. Mwulize muuguzi aliko, ueleze hali yako waziwazi.

Wazazi wanaweza kujipima leo jioni, baada ya chakula. Kila mmoja ajibu bila kumtazama mwenzake: nikiwa peke yangu usiku, bila simu yako, umeme umekatika, nitamfikishaje mtoto hospitali, na kwa pesa gani? Kama mmoja wao hana jibu, kesho asubuhi mwenye pesa amtumie mwenzake sehemu yake, na noti chache ziwekwe kwenye bahasha ya kadi ya kliniki.