Je, Wajua? Mita ya Kwanza ya Maegesho

Mita ya kwanza ya kulipia maegesho ya magari duniani ilisimikwa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935. Kabla ya hapo, wafanyakazi wa maduka na ofisi za katikati ya mji waliacha magari yao kando ya barabara kutwa nzima, na wateja wakakosa pa kuegesha. Carl Magee, mwandishi wa habari, alibuni mashine ya sarafu: senti 5 kwa saa moja.

Kanuni hiyo ya kutoza ada ili nafasi zisishikwe kutwa nzima imeendelezwa. Donald Shoup, mtaalamu wa mipango miji, alishauri ada ipangwe ili kila kipande cha barabara kibaki na nafasi moja au mbili wazi, yaani takriban asilimia 15. Nafasi zikijaa, ada ipande. Zikibaki tupu, ishuke. San Francisco ilianza kujaribu mfumo wa namna hiyo mwaka 2011.

Dereva anayepata nafasi mapema hazunguki akitafuta, hivyo msongamano, moshi na matumizi ya mafuta hupungua. Kabla ya kujenga maegesho mapya, mji unaokua unapaswa kusimamia vyema nafasi ulizonazo.