Msimu wa minada ndio msimu wa kufukuza makocha

LISEKESE, Masasi

MIEZI ya Oktoba na Novemba katika kata ya Lisekese ni miezi ya hesabu. Magunia ya korosho hutoka vyama vya msingi kwenda maghalani, mnada hufanyika, na mkulima husubiri fedha zake benki baada ya makato. Miezi hiyo hiyo redio hutangaza habari nyingine ambayo nayo ni ya biashara, ingawa huwekwa kwenye ukurasa wa michezo: kocha wa Simba au Yanga amefungashiwa virago.

Kuanzia Novemba 2019 hadi Oktoba 2025 makocha wakuu 17 waliondoka katika klabu hizo mbili, wanane Simba na tisa Yanga, bila kuwahesabu walioshika timu kwa muda. Hiyo ni sawa na kocha mmoja kila baada ya miezi minane au tisa kwa kila klabu. Kati ya hao 17, saba waliondoka Oktoba au Novemba.

Yanga iliachana na Mwinyi Zahera na Simba na Patrick Aussems, wote Novemba 2019. Oktoba 2020 Zlatko Krmpotic aliondoka Yanga kabla ya kutimiza miezi miwili kazini. Oktoba 2021 ilikuwa zamu ya Didier Gomes wa Simba, baada ya kipigo cha nyumbani kutoka kwa Jwaneng Galaxy ya Botswana. Novemba 2023 Simba ilifungwa na Yanga mabao 5-1, na siku mbili baadaye Roberto Oliveira 'Robertinho' hakuwa tena na kazi. Novemba 2024 Yanga ilimwondoa Miguel Gamondi, na Oktoba 2025 Romain Folz.

Mashabiki wengi hudhani hasara imekwisha siku kocha anapopanda ndege. Kwa mhasibu, deni huanza kuhesabiwa siku hiyo.

Kuondoka kwa namna mbili

Msomaji atofautishe mambo mawili. Kuna kocha anayeondoka mwenyewe kabla ya mkataba kwisha. Sven Vandenbroeck aliiacha Simba Januari 2021, mara tu baada ya kuiingiza kwenye hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, akaenda AS FAR ya Morocco. Saed Ramovic aliiacha Yanga Februari 2025 akaenda Algeria, na Fadlu Davids aliiacha Simba Septemba 2025 akaenda Raja Casablanca. Katika hali kama hiyo klabu ndiyo yenye haki ya kudai, mradi mkataba wake uwe umeandikwa vizuri.

Namna ya pili ni klabu kumfukuza kocha. Hapo anayedai ni kocha, na kama ni mgeni anaweza kuipeleka klabu FIFA bila kulipa gharama za kesi. Kocha mzawa mwenye mgogoro na klabu ya hapa nchini hushughulikiwa na vyombo vya ndani.

Tangu Januari 2021 FIFA ina kanuni maalumu za mikataba ya makocha. Kama mkataba wenyewe hausemi vinginevyo, kocha aliyefukuzwa bila sababu ya haki hulipwa thamani yote ya muda uliobaki. Akipata kazi mpya ndani ya muda huo, mshahara wa kazi hiyo hupunguzwa kwenye anachodai. Na kama mkataba ulivunjika kwa sababu klabu ilikuwa hailipi mishahara, huongezwa mishahara ya miezi mitatu, ila jumla isizidi thamani ya muda uliobaki. Malimbikizo ya mishahara hudaiwa mbali.

Kwa kipimo cha korosho

Tuchukue mfano wa darasani, si wa klabu yoyote. Kocha ameajiriwa kwa miaka miwili kwa Dola 10,000 za Marekani kwa mwezi. Baada ya mwaka mmoja anafukuzwa. Miezi 12 iliyobaki ni Dola 120,000. Tukikadiria Dola moja kuwa sh. 2,500, hizo ni sh. milioni 300.

Mkulima wa Lisekese ataielewa hesabu hii haraka zaidi kwa kilo. Kwa bei ya sh. 4,000 kwa kilo, ambayo haiko mbali na bei za mwanzo wa msimu wa 2024/2025, sh. milioni 300 ni tani 75 za korosho ghafi. Kwa magunia ya kilo 80, hayo ni magunia zaidi ya 930, kwa mtu ambaye hafundishi tena timu.

Kocha huyo akipata kazi ya Dola 6,000 kwa mwezi kwa miezi yote 12, deni linashuka hadi Dola 48,000, yaani tani 30. Na kama tangu mwanzo pande mbili zilikubaliana kwa maandishi kwamba atakayevunja mkataba atalipa mishahara ya miezi mitatu, klabu inamalizana naye kwa Dola 30,000, yaani chini kidogo ya tani 19. Kati ya tani 75 na tani 19 kuna kifungu kimoja tu cha mkataba.

Ukubwa wa mzigo huo unaonekana vizuri ukiutazama pamoja na mapato. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya sh. bilioni 225.6. Hata kama fedha zote hizo zingegawiwa sawa kwa timu 16, jambo ambalo si utaratibu wenyewe, kila timu ingepata wastani wa sh. bilioni 1.4 kwa mwaka. Deni la kocha mmoja kama wa mfano wetu lingekula zaidi ya moja ya tano ya fedha hizo.

Kuchelewa kuna gharama

Anayeshindwa kesi FIFA hupewa siku 45 za kulipa. Zikipita, klabu inafungiwa kusajili wachezaji wapya mpaka ilipe, na kifungo hicho kinaweza kufika madirisha matatu mfululizo. Ni sawa na mnunuzi wa korosho kuzuiwa mlangoni mwa mnada wakati wenzake wako ndani wanachagua.

Kifungo hicho hakitokani na madeni ya makocha peke yake. Msimu wa 2023/2024 Simba ilifungiwa kwa deni la klabu ya Teungueth ya Senegal, iliyokuwa ikidai sehemu ya mauzo ya Pape Sakho kwenda Ufaransa.

Timu za taifa nazo zimeonja. Machi 2015 FIFA iliiondoa Zimbabwe kwenye mbio za Kombe la Dunia la 2018, kabla haijacheza hata mechi moja, kwa deni la kocha wake wa zamani, Mbrazili Jose Claudinei Georgini 'Valinhos'. Deni lenyewe halikufika Dola 100,000.

Jirani zetu wa Kenya walimfukuza Adel Amrouche mwaka 2014 akiwa bado na miaka kwenye mkataba. Kesi ikaenda mbali, na mwaka 2020 shirikisho la soka la nchi hiyo lilikuwa likitakiwa kumlipa takriban shilingi milioni 109 za Kenya, la sivyo lihatarishe nafasi ya Harambee Stars kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la 2022. Machi 2023 Amrouche huyo huyo aliajiriwa kuifundisha Taifa Stars. Alama yake kwenye vitabu vya Kenya ilikuwa imedumu kuliko mafunzo yake uwanjani.

Matajiri nao huumia

Yasidhaniwe kuwa haya ni matatizo ya maskini. Nchini Marekani vyuo vikuu huendesha timu za mpira wa Kimarekani kama makampuni, na idara zao za michezo hukopa kujenga viwanja na kuajiri makocha. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwongezea kocha Jimbo Fisher mkataba mpaka mwaka 2031, malipo yote yakiwa na dhamana. Novemba 2023 kikamfukuza. Fidia yake ilizidi Dola milioni 75, na mkataba ulisema kuwa haipunguzwi hata akipata kazi kwingine. Kipengele kile ambacho kanuni za FIFA humpa mwajiri kama hakuna makubaliano mengine, Texas A&M ilikikosa kwa saini yake yenyewe.

Hata hivyo Texas A&M ina wafadhili wa visima vya mafuta. Timu za Kusini zina korosho, viingilio na wafadhili wachache.

Somo kwa Kusini

Ndanda FC, yenye jina la Ndanda iliyo hapa hapa wilayani Masasi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014 na kushuka mwaka 2020. Namungo ya Ruangwa ilipanda 2019, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF mwaka 2020 chini ya Mnyarwanda Hitimana Thierry, na mwishoni mwa mwaka huo huo ikaachana naye na kumchukua Hemed Suleiman 'Morocco'. Mafanikio hayakumkinga kocha na kibarua kuota nyasi, na timu yoyote ya Kusini itakayopanda kesho itakuta hali ni hiyo hiyo.

Kila msimu wa korosho unapochanganya huzuka mazungumzo ya kuchangia timu. Mchango ni jambo jema. Lakini mwanachama anayetoa fedha zake ana haki ya kuuliza kama anavyouliza kwenye chama chake cha msingi, ambako hakuna anayepokea malipo bila kujua kila shilingi ya makato imekwenda wapi.

Maswali ni matatu. Kwanza, mkataba wa kocha una kifungu cha fidia kwa pande zote mbili, na ni miezi mingapi? Pili, klabu imetenga fedha za kifungu hicho tangu siku ya kutia saini, kwenye akaunti ambayo haiguswi kwa nauli na posho? Tatu, nani mwenye mamlaka ya kumfukuza kocha, na je, mweka hazina huulizwa kabla ya uamuzi au hupelekewa barua baada ya mechi?

Klabu isiyoweza kujibu swali la pili haina uwezo wa kumfukuza kocha, hata ikifungwa mabao matano. Ni afadhali iajiri mtu wa mshahara mdogo kwa mkataba wa msimu mmoja na kumlipa kila mwisho wa mwezi. Kanuni za FIFA zinamruhusu kocha aliyekosa mishahara ya miezi miwili kuipa klabu notisi ya siku 15, na asipolipwa aondoke mwenyewe, huku fidia yake ikiendelea kuhesabiwa.